Rudia Swali Ndani ya Jibu

Saa tisa kasoro dakika kumi alasiri, mlango wa chumba cha vipodozi ulifungwa kwa ndani. Aliyeufunga alikuwa Mkasi, mtayarishaji wa shindano la Nani Abaki, na ufunguo aliutia kwenye mfuko wa shati.

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita. Wasomaji kadhaa wameandika wakitabiri kwamba Sindano angempiga. Hakumpiga. Alikuwa ameketi mbele ya kioo, poda imefika nusu ya uso, na alimtazama Mkasi kupitia kioo hicho bila kugeuka.

"Tuna dakika kumi," Mkasi alisema. "Sikiliza vizuri. Utaingia, utakaa, utalia. Utamwomba mama yako msamaha. Mtangazaji atakukumbatia, watu watapiga makofi, yatakwisha."

"Nimwombe msamaha kwa lipi?"

"Kwa ulichosema."

"Ulichonisemesha."

"Mimi?" Mkasi alicheka kidogo. "Mdomo ulikuwa wako, dada. Sauti ilikuwa yako. Kuna neno hata moja pale ambalo hukulitamka?"

Hakuna. Na hilo ndilo lililokuwa likimla Sindano kwa miezi mitano.

Kwa anayeanza kusoma leo: Sindano ni fundi cherehani, mshonaji wa magauni ya harusi, kitinda mimba wa mama mjane. Nani Abaki ni shindano la televisheni. Washindani hufungiwa ndani ya jumba lenye kamera kila kona, na kila wiki watazamaji humpigia kura wa kutolewa. Jina la Sindano alipewa humo ndani kwa sababu ya ulimi wake. Alipotoka, alitoka na jina jingine. Mtaani wanamwita Mtupa Mama.

Jina hilo lilitokana na kipande kifupi sana. Sindano anaonekana akitazama kamera bila kupepesa macho, anasema: "Nilimtupa mama yangu hospitalini ili nije kwenye shindano." Basi.

Mama yake alikiona akiwa wodi ya mifupa, nyonga imevunjika, pamoja na wagonjwa wote wa wodi hiyo. Alimwambia muuguzi neno moja: "Zima."

Wiki ileile Sindano alitolewa kwa kura. Maharusi walikuja kibandani kwake mmoja baada ya mwingine kuchukua vitambaa vyao, hata vile vilivyokwisha kukatwa. Muuza mkate alimuuliza mbele ya foleni, "Leo umemtupa nani?" Watu asiowajua walimpiga picha akivuka barabara. Na mama, aliporudi nyumbani, hakuzungumza naye tena. Huzungumza kupitia dada mkubwa. "Mwambie mwenzako chai inapoa." Sindano huwa ameketi kiti cha pili.

Hilo ndilo alilokuja kulitafuta studio siku hiyo: mama amwite tena kwa kinywa chake. La pili alilolitaka lilikuwa Mkasi.

"Nikikataa?" aliuliza.

"Hutoki humu mpaka kipindi kiishe."

"Wiki nzima umetangaza kwamba narudi. Uso wangu uko kwenye kila tangazo lako. Mtangazaji akakumbatie kiti?" Alichukua poda akamalizia mwenyewe nusu iliyobaki. "Fungua mlango, kaka. Nitalia."

Mkasi alimkagua usoni akitafuta mzaha. Hakuuona. Katika kazi yake, kila mtu hatimaye hulia, kwa hiyo hakuona sababu ya kushangaa.

"Na kile kipande hukitaji," alisema.

"Sikitaji."

Akafungua.

*

Nje ya mlango wa studio, fundi sauti alikuwa akisubiri na maiki mkononi. Wenzake wanamwita Masikio. Ni mama mtu mzima, mpole, aliyefanya kazi kwenye shindano hilo tangu lianze.

Alimfunga Sindano maiki kwenye ukosi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Siku ile nilikuwepo. Niliisikia sentensi nzima."

"Mbona hukusema?"

"Nina kazi, mwanangu."

"Na leo?"

"Leo pia nina kazi." Alinyoosha waya. "Ila leo tuko hewani moja kwa moja, hakuna wa kukata. Na mtu akiniomba mbele ya watazamaji nimrudishie sauti iliyosikika, mimi hurudisha. Nimeajiriwa kwa hilo. Hakuna wa kunigombeza."

Alikwenda zake kwenye chumba cha mitambo, nyuma ya kioo kipana kinachotazamana na jukwaa.

Sentensi nzima ilikuwaje? Msomaji anastahili kuijua kabla hatujaingia ndani.

Katika Nani Abaki, mshindani akihojiwa hufundishwa kanuni moja: rudia swali ndani ya jibu. Ukiulizwa umelalaje, husemi "vizuri." Unasema, "Usiku wa jana nimelala vizuri." Sababu ni ya kikazi. Sauti ya anayeuliza huondolewa, na jibu lazima lisimame lenyewe. Mkasi mwenyewe ndiye aliyewafundisha, na aliyesahau alirudishwa mwanzo mpaka akakoma kusahau.

Siku ile aliulizwa: "Watu wanasema ulimtupa mama yako hospitalini ili uje kwenye shindano. Unasemaje?"

Sindano, mwanafunzi mzuri, alijibu: "Watu wanasema nilimtupa mama yangu hospitalini ili nije kwenye shindano. Si kweli."

Ondoa mwanzo. Ondoa mwisho. Ndiyo kazi ya mkasi.

*

"Karibu tena nyumbani, Sindano!" Mtangazaji alikuwa na koti linalometameta na meno ya kulingana nalo.

"Asante. Ila nyumbani kwangu kuna mama."

Watazamaji waliguna kwa huruma. Mtangazaji aliona machozi yanakaribia, akasogeza kiti.

"Na mama anatutazama sasa hivi. Una neno kwake?"

"Ninalo. Lakini kabla ya hilo namwomba mtu mmoja apande hapa. Hamjawahi kumwona. Ndiye aliyetufundisha kusema, kukaa, hata kulia. Mkasi! Njoo, kaka, usione haya."

Haikuwa kwenye mpango. Mtangazaji alitazama pembeni ya jukwaa. Watazamaji, ambao hupenda kitu chochote kisichokuwa kwenye mpango, walianza kupiga makofi kwa mkupuo. "Mkasi! Mkasi!"

Mkasi alikuwa ametengeneza watu maarufu kwa miaka, na yeye mwenyewe hakuwahi kuonekana hata mara moja. Kabla ya kupanda alifanya jambo moja ambalo mtu wa vipodozi analithibitisha: aliomba poda.

Alifungwa maiki, akapanda, akapunga mkono.

"Leo tugeuze," Sindano alisema akitabasamu. "Yeye ndiye ahojiwe. Mnakubali?"

Walikubali kwa kelele.

"Kahawa au chai?"

"Kahawa," Mkasi alisema.

"Aa-aa! Umetufundisha nini wewe? Rudia swali!"

Kicheko kilijaa studio. Mkasi naye alicheka, akaketi sawasawa. "Haya. Kati ya kahawa na chai, mimi nachagua kahawa."

"Safi. Mshindani gani alikusumbua kuliko wote?"

"Mshindani aliyenisumbua kuliko wote ni Sindano."

"Jamani, ananisingizia huyu!" Watu wakacheka tena. Mkasi alikuwa amelegea, mguu mmoja juu ya mwingine. Kamera zilimpenda, naye alizipenda.

Sindano hakubadilisha sauti. Hakubadilisha hata tabasamu.

"Watu wanasema ulikata maneno ya Sindano ili aonekane amemtupa mama yake. Unasemaje?"

Mtu mwingine yeyote angesema "uongo" akanyamaza. Lakini kinywa kilichofundisha kanuni hiyo kwa miaka hakikusubiri ruhusa ya kichwa.

"Watu wanasema nilikata maneno ya Sindano ili aonekane amemtupa mama yake. Huo ni uongo."

Alipofika neno la mwisho uso wake ulibadilika. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

Sindano aligeukia kioo. "Mama Masikio, tunaomba uturudishie jibu hilo. Toa maneno mawili ya mwanzo na matatu ya mwisho."

Nyuma ya kioo, Masikio alivaa miwani. Hakuharakisha. Spika za studio zikasema kwa sauti safi ya Mkasi:

"Nilikata maneno ya Sindano ili aonekane amemtupa mama yake."

Hakuna aliyecheka.

Kwa haki, Mkasi hakuwa amekiri lolote. Kilichothibitishwa ni kwamba jambo hilo linawezekana, na linachukua muda mfupi kuliko kuvaa miwani. Lakini kila aliyekuwa studioni alielewa, na kila mmoja alielewa kwa wakati mmoja.

"Rudisha tena," mtu alipaza sauti kutoka viti vya nyuma.

Masikio akarudisha tena.

"Huo ni ujanja wa mitambo!" Mkasi alisimama.

"Ni ujanja wa nani? Mdomo ni wako, kaka. Sauti ni yako. Kuna neno hata moja pale hukulitamka?"

"Sindano..."

"Marudio ni jioni hii saa moja. Nchi nzima itakuwa mezani. Kesho ukienda kununua mkate watakurudishia sentensi hiyo, nawe utaeleza kwamba ilikuwa na mwanzo na mwisho. Utaeleza mpaka ukaukwe mate. Mimi nimeeleza. Najua ladha yake."

Mtangazaji alijaribu kuingia kati. "Ndugu watazamaji, hisia ziko juu..."

"Kila kipindi hukatwa!" Mkasi alifoka, si kwa mtangazaji, bali kwa watazamaji wote. "Mlitaka kuona nini? Watu wanapiga mswaki? Watu wamelala? Ndiyo, nilikata! Nilikata na mkafurahi, na mkapiga kura!"

Hapo sasa alikuwa amekiri, bila mtu kumtengenezea. Sindano alivuta pumzi. Alichokitaka kilikuwa kimekwisha kusemwa hewani na Mkasi mwenyewe.

Mkasi aliona pumzi hiyo. Akatulia ghafla, na utulivu wake ulikuwa mbaya kuliko kelele.

"Lakini swali sikulitunga," alisema. "Mimi ningejuaje mama yako yuko hospitalini? Nani aliniambia ametupwa? Neno 'kutupa' silo langu. Lilitoka nyumbani kwenu."

"Unasema nini?"

"Tuliwapigia simu. Huwa tunapiga kwa familia zote. Tulijibiwa. Waulize watu wako."

Nyumbani kwao kuna watu watatu: mama, dada mkubwa, na yeye. Sindano aliyaondoa macho kwa Mkasi, akayaelekeza kwenye kamera yenye taa nyekundu.

"Dada," alisema. "Ni wewe?"

*

Simu iliingia kwenye laini ya watazamaji kabla mtangazaji hajapata la kusema. Masikio aliinua kidole nyuma ya kioo, na mtangazaji akapokea kama mtu anayepokea sahani ya moto.

"Uko hewani."

"Najua niko hewani," ilisema sauti ya mwanamke mzee. "Najisikia mwenyewe kwenye televisheni."

"Mama, punguza sauti ya televisheni kidogo."

"Rimoti iko mbali. Usinipangie nyumbani kwangu." Kukawa na mkwaruzo, mtu akisogeza kiti. "Mwambie mwenzako..."

Alijikatiza. Pembeni yake, mwanamke mwingine alisema jambo ambalo halikusikika.

"Hapana," mama alimjibu aliyekuwa pembeni. "Nitamwambia mimi. We kitinda mimba. Unanisikia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita tangu wodini.

"Nakusikia, mama."

"Muache dada yako. Hakuzungumza na mtu. Simu walinipigia mimi, niko kitandani, mguu umening'inizwa. Wakaniuliza, mama, binti yako amekuachaje? Nikawaambia, amenitupa hospitalini akaenda kwenye shindano. Hao watu wanaosema, hakuna watu. Ni mimi."

Sindano alisogelea kamera.

"Nilikuwa na maumivu," mama alisema.

"Mama, wewe ndiye uliyeniambia niende. Nilikuuliza mara ya pili, ukasema nenda."

"Nilikwambia nenda. Nilitaka ukatae."

"Na ile siku ya 'zima'?"

"Nilisikia neno langu linatoka kinywani mwako. Ningetazama vipi?"

"Na miezi yote hii? 'Mwambie mwenzako chai inapoa'? Mimi nilidhani una hasira nami."

"Nilikuwa na aibu."

"Na ukanyamaza. Wananiita vile mtaani, wewe uko dirishani unasikia, na ulijua."

"Nilijua," mama alisema.

Mtangazaji, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuogopa kimya kiasi hicho, aligeukia kamera. "Tutarudi baada ya matangazo!"

Taa nyekundu ikazimika. Kwenye skrini za studio likaja tangazo la sabuni.

*

Mkasi alikuwa wa kwanza kusogea. Alikuja karibu kabisa na Sindano na kuongea kama wafanyavyo watu wa kazi moja.

"Tufikiri vizuri, mimi na wewe. Sasa hivi ni alasiri, watu wako makazini, waliotazama ni wachache. Marudio ya saa moja ndiyo yanayotazamwa. Yakienda yalivyo, mimi nimekwisha. Sikatai." Alifuta jasho na poda ikatoka nayo. "Lakini mama yako naye amekwisha. Wataacha kukuita wewe Mtupa Mama. Watamtafutia yeye jina. Wewe una miguu ya kukimbilia. Yeye anatembelea gongo."

"Unataka nini?"

"Nakata kuanzia nilipopanda jukwaani. Yangu yanaondoka, ya mama yako yanaondoka. Au naacha yote, yangu na yake. Kukata yangu pekee, huyo wa kwenye mitambo hataniruhusu; kukata ya mama yako pekee, mimi sitaki. Ni yote au hakuna."

Sindano alitazama chumba cha mitambo. Masikio alikuwa amesimama. Alikuwa akigonga kioo kwa kiganja na kuonyesha kitu mezani kwake, lakini kioo hicho kilitengenezwa kisipitishe sauti, na hakikupitisha.

"Anataka nini huyo?" Mkasi aliuliza.

"Anataka nikubali. Ana huruma." Sindano aliyaondoa macho kwenye kioo.

"Na wewe?"

"Mimi nimevaa jina miezi mitano."

"Ni mama yako, Sindano."

"Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?"

"Mimi ni mshenzi, hilo limekwisha kusemwa leo. Nakuuliza wewe."

Mtangazaji alikuwa amejikalia kwenye ngazi za jukwaa, koti limefunguliwa. Anathibitisha kwamba Sindano hakulia. Anathibitisha kwamba alitazama tangazo zima la benki kwenye skrini, na lilipoanza tena lile la sabuni, aliongea bila kupandisha sauti.

"Acha yote."

"Unasemaje?"

"Alijua, akanyamaza. Basi na yeye ajue mkate unanunuliwaje ukiwa na jina. Usikate hata neno. Ya kwako yaende, na ya kwake yaende."

Mlango wa chumba cha mitambo ulifunguliwa kwa kishindo. Masikio alikuja mbio, viatu vimebaki nyuma.

"Laini!" alisema. "Hakuna aliyemuaga mama yako! Maiki yako iko wazi, mwanangu, na laini haijakatwa!"

Alirudi mezani kwake akapandisha sauti ya simu. Kwenye spika za studio likasikika tangazo la sabuni, kwa mbali, kupitia televisheni ya chumba kingine katika nyumba nyingine. Na karibu zaidi kuliko tangazo, mtu akipumua.

"Mama?" Sindano alisema.

Tangazo lilifika mwisho. Kisha simu ikawekwa chini.